Aliyekaa Nyuma Hakuulizwa

Gari likiletwa gereji, wanaoongea ni watu wawili. Mwenye gari anaeleza shida yake, fundi anataja bei yake, wanavutana kidogo, wanakubaliana. Lakini pikapu ya huku kwetu haibebi mwenye gari peke yake. Kesho yake alfajiri itapakia magunia ya mpunga, na juu ya magunia watapanda watu kumi na wawili, pengine kumi na watano, wenye kuku, madumu na watoto mgongoni. Hao hawakuwapo wakati tunakubaliana. Hawajui kilichofanyika chini ya gari. Na kama tulichofanya hakikuwa sawa, wao ndio watakaolipa kwanza.

Kwa hiyo swali langu ni hili: fundi anayetengeneza kipuri kwa mkono wake anadaiwa nini na mtu ambaye hakumpa kazi, hamjui, na huenda asimwone maisha yake yote?

Nauliza kwa sababu ndiyo kazi ninayoifanya. Mimi ni fundi wa magari Kisaki, pale milima ya Uluguru inapoishia na tambarare ya kuelekea Hifadhi ya Taifa ya Nyerere inapoanza. Kazi nimefundishwa na mjomba wangu, kaka yake mama, na kwa watu wa huku mjomba si mtu wa kumsalimia na kupita. Baadaye nikaenda VETA Kihonda, Morogoro mjini, nikarudi. Gereji yetu ni mwembe mmoja, kontena moja la kufungia vifaa, na shimo tulilochimba wenyewe la kuingia chini ya magari.

Kazi zetu nyingi ni za kuinua pikapu. Ukitaka kujua kwa nini watu wanainua magari yao, njoo masika. Reli ya TAZARA inapita hapa na stesheni tunayo, ila treni haiji kila siku wala haisimami mlangoni kwa mtu. Inabaki barabara ya Bigwa, zaidi ya kilomita 100, inayopita Mkuyuni, Matombo, Mvuha na Duthumi kabla ya kutufikia. Mvua zikikolea, malori yanachimba mifereji miwili mirefu na kuacha tuta katikati. Gari la chini linakaa juu ya lile tuta kwa tumbo lake, matairi yanazunguka hewani, na abiria wanashuka kusukuma. Ukiliinua inchi 2 au 3, linapita. Huku hakuna anayeinua gari kwa mapambo.

Kwa wasioijua kazi hii, nieleze kidogo. Springi za nyuma za pikapu ni vyuma bapa virefu vilivyopinda, vinavyopangwa kimoja juu ya kingine, kirefu juu na kifupi chini, vikashikwa katikati kwa bolti moja. Mzigo wote unakaa juu ya hivyo vyuma. Kuna njia mbili za kuinua. Ya kwanza ni kuweka tofali la chuma kati ya springi na ekseli, halafu kufunga upya kwa yubolti ndefu zaidi. Ya pili ni kuongeza kipande cha springi kutoka kwenye gari lililokufa, aghalabu Land Rover ya zamani au lori la Isuzu, ukakikata kwa urefu unaotaka na kukipinda kwa nyundo, polepole, bila moto. Bushi tunazichonga kwa mpira wa tairi la lori. Hata yubolti tunatengeneza wenyewe.

Pikapu ikishainuka, mambo mengine yanabadilika hata kama mwenye gari hakuyaomba. Uzito unapanda juu, hivyo kwenye kona inayumba mapema kuliko zamani. Mpira wa breki wa nyuma uliokuwa unatosha sasa unavutika, na usipoongezwa urefu siku moja utakatika shimoni. Propela shafti inakaa kwa pembe kali, inatetemeka, inakula krosi zake. Springi zikiwa ngumu kupita kiasi, mtikisiko unahamia kwenye chesisi nayo inaanza kupasuka. Na yubolti yoyote mpya, hata ya kiwandani, inalegea kidogo safari za kwanza, hivyo lazima gari lirudi kukazwa.

Lipo na jambo moja ambalo mjomba alinifundisha kabla sijalisikia darasani: chuma cha springi hakichomelewi. Kina kaboni nyingi kuliko nondo, ndiyo maana kinapinda na kurudi. Ukikichomelea, sehemu iliyo kando ya alama ya moto inageuka ngumu na kavu. Kwa macho ni kazi safi, hata rangi inashika vizuri. Kisha siku moja kwenye shimo dogo tu kinakatika pale pale, kama kigae. Mjomba alikuwa akisema kwa kifupi, "Ukikichoma, umekiua."

Nimezieleza hatari zote hizi ili ionekane kwamba swali langu halihusu ujinga. Fundi asiyejua kwamba chuma kile kinakufa kwa moto anahitaji kufundishwa. Anayenihusu hapa ni fundi anayejua, akijua pia kwamba kazi ya mkono wake, hata ikiwa nzuri, haijapimwa na mashine yoyote.

Wapo watakaojibu haraka: basi msitengeneze, nunueni kipuri halisi. Ni jibu la mtu aliye karibu na duka. Australia kuna kampuni zinazotengeneza seti kamili za kuinua magari ya aina hii, na kampuni za utalii zinaweza kuziagiza. Mwuza mpunga wa Kisaki hawezi. Atakachokipata mjini mara nyingi ni boksi lenye jina kubwa na chuma chepesi ndani. Na hata jina la kweli halitoshi. Takata ya Japani ilikuwa kampuni kubwa ya kutengeneza mifuko ya hewa ya kumkinga abiria gari linapogonga. Mifuko ile ikagundulika kwamba inaweza kulipuka na kurusha vipande vya chuma usoni mwa mtu, watu wakafa katika nchi kadhaa, makumi ya mamilioni ya magari yakaitwa kurudishwa, na mwaka 2017 kampuni ikafilisika. Kiwanda, maabara na wahandisi havikuzuia hayo.

Wala kutengeneza kwa mkono si aibu. Wahunzi wamekuwa wakigeuza springi za magari kuwa mapanga na majembe kwa miaka mingi, na nchi imelima kwa majembe hayo. Kibaha, katika miaka ya 1980, wataalamu wa Nyumbu walitengeneza lori lao wenyewe. Hakuna anayesema walikosea kuthubutu. Lakini panga la mhunzi lina tofauti moja na springi yangu. Jembe likivunjika, aliyelinunua ndiye anayerudi nyumbani na mpini. Springi ikivunjika, anayerushwa chini ni mtu wa tatu.

Huyo mtu wa tatu ana historia ndefu hapa kwetu. Septemba 1916, majeshi yaliyoongozwa na Jenerali Smuts yaliwafuata Wajerumani wa von Lettow-Vorbeck kuizunguka milima ya Uluguru mpaka Kisaki. Farasi walikufa kwa mbung'o, magari yakashindwa na njia, na mzigo wa vita ukabebwa na watu vichwani. Makumi ya maelfu ya wapagazi wa vita ile hawakurudi makwao. Waingereza waliwaita Carrier Corps, na ndiko lilikotoka jina la Kariakoo, soko lile lile ambalo leo tunapanda basi kwenda kutafutia vipuri. Kila nikilisikia jina hilo nakumbuka kwamba wakubwa wawili walipogombana, mzigo ulibebwa na mtu ambaye hakuna upande uliomwuliza.

Zamani zaidi, sheria za Hammurabi, mfalme wa Babeli, karibu miaka 3,800 iliyopita, zilimwona mtu huyu. Mjenzi akijenga nyumba mbovu ikamwangukia mwenyewe akafa, mjenzi anauawa. Aliyeziba boti vibaya, ikaharibika ndani ya mwaka huo huo, anaifumua na kuiziba upya kwa gharama yake. Wanavyuoni wa Kiislamu nao walijadiliana kwa karne nyingi ni lini fundi anabeba dhamana ya kilichoharibika mikononi mwake. Neno lenyewe, dhamana, tumelichukua kwao. Lakini sheria hizo zinakuja baada ya nyumba kuanguka. Mimi natafuta la kufanya kabla.

Mjomba alikuwa na jibu lake. Kila gari aliloliinua, safari ya kwanza alipanda mwenyewe, nyuma, juu ya mzigo. Hakukubali kukaa mbele na dereva. "Kipuri nilichotengeneza," alisema, "abiria wa kwanza ni mimi." Watu walimpenda kwa hilo. Mwenye gari alijivunia kusema fundi mwenyewe amepanda, na abiria walipomwona pale juu ameshikilia kamba waliona hakuna wasiwasi tena.

Nilipotoka Kihonda jibu hilo halikuniridhisha. Siku moja tukiwa tunakunywa chai nikamwambia, "Mjomba, wewe ukipanda umekubali hatari yako. Je, umewakubalia na wale wengine?"

Akacheka. "Mjomba, shule imekuharibu."

"Kweli kabisa. Mtu anaweza kucheza na roho yake. Hiyo haimpi ruhusa ya kucheza na roho ya jirani."

Hakunijibu siku ile. Zilipita kama siku tatu, tumelala chini ya gari, akaanza kuongea kana kwamba mazungumzo hayakukatika. "Mimi sipandi ili niwakubalie," akasema. "Napanda ili nisikie. Springi ikianza kuchoka inalia. Dereva hasikii, injini inamzuia. Abiria wanasikia lakini hawajui ni nini. Lazima awepo pale nyuma mtu anayejua."

Nilinyamaza, maana nilikuwa nimemwelewa vibaya muda wote huo. Watu waliona ushujaa, kumbe kwake ilikuwa sehemu ya kazi. Hata hivyo hoja yangu ilibaki na nguvu kidogo. Wale waliokaa naye walikuwa wametulizwa na uso wake, na hakuna aliyewaambia kwa nini alikuwa pale.

Halafu ukaja mwaka ambao hoja zote mbili zilipimwa. Mfanyabiashara mmoja alileta pikapu yake Ijumaa mchana, kipande kikuu cha springi kimekatika karibu na tundu lake la mbele. Gulio lilikuwa kesho yake. Alitaka kichomelewe. Mjomba akakataa. Yule bwana akasema kwa upole tu, bila hasira, kwamba kuna fundi mwingine huko njiani mwenye mashine, atachomelea kwa nusu ya bei, na gari litaondoka usiku huo huo.

Ni rahisi kusema kwamba mwenye mikono safi ni anayekataa. Lakini ukikataa ukijua kwamba kitafanyika kibaya zaidi, na watu wale wale watapanda, je, umemkinga nani? Umejikinga wewe na lawama. Upande mwingine, mlango huo ukiufungua hautafungika tena, kwa sababu siku zote yupo fundi mbaya kuliko wewe, na kila kazi mbovu itakuwa na kisingizio chake. Sioni namna ya kulimaliza jambo hili kwa kanuni moja. Ninachoweza ni kueleza alichofanya mjomba.

Alimwambia: sitachomelea, lakini nitakufungia kipande kingine, kizima, cha gari lililokufa. Si cha gari lako, kitakuvusha wiki moja mpaka upate chako. Mzigo nusu. Watu hapana. Yule bwana akakubali, tukafanya kazi kwa taa mpaka saa tano usiku.

Asubuhi tulipofika stendi, magunia yalikuwa yamepangwa nusu kama alivyoahidi, na juu yake watu wamejaa. Mwenye gari alitazama pembeni. Mjomba hakugombana naye. Alikwenda nyuma ya gari, akasalimia, akawaambia kwa sauti ya kawaida kwamba springi ya kushoto imekatika jana, iliyowekwa ni ya gari jingine, yeye ndiye aliyeifunga, anaamini itabeba mzigo uliopo, haamini kwamba itabeba na wao.

Watu watatu wakashuka. Wengine wakatazamana. Bibi mmoja mwenye kikapu cha dawa miguuni akamjibu, "Mwanangu, nimekusikia. Sasa nikishuka nitafika lini?"

Mjomba hakuwa na jibu. Na mimi, niliyekuwa nikidai kwamba abiria aulizwe, nilisimama pale nikiona amekwisha kuulizwa, na jibu lake halikunisaidia. Mtu asiye na gari jingine akikubali kupanda, amekubali nini hasa? Mwenye njia mbili akichagua moja, hapo unaweza kusema amechagua. Yule bibi alikuwa na njia moja, na sisi tukamwongezea taarifa tu.

Lakini taarifa ile ilifanya kazi ambayo sikuitarajia. Abiria wenyewe walianza kumgeukia mwenye gari. Mmoja akasema mzigo upungue, mwingine akasema dereva aende taratibu, mwingine akasema mteremkoni watashuka watembee. Magunia sita yakashushwa palepale. Mjomba akapanda. Wakaenda, wakafika.

Kufika kwao hakuthibitishi chochote. Tumezoea sana, mambo yakienda salama, kusema fundi alikuwa sahihi, na yakiharibika kusema alikuwa mzembe. Kipande kile kingeweza kukatika Duthumi kwa ufa ambao jicho halikuuona, na mjomba angekuwa mtu yule yule, amefanya yale yale. Na fundi wa kuchomelea angeweza kufikisha magari kumi salama. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na hakuna anayesifiwa kirahisi kama fundi ambaye gari lake bado halijaanguka. Kazi inapimwa pale ilipofanyika, kwa kile ambacho fundi alikijua na alichokisema.

Tangu hapo nimefikia msimamo, na sidai kwamba umekamilika. Ubaya wa kipuri cha mkono hautokani na mkono. Unatokea pale kinapoingia chini ya gari bila jina, kikafichwa kwa rangi, kikawa cha kila mtu na si cha yeyote. Kilichowasaidia watu katika mkasa wa Takata, mwishoni, ni kwamba magari yalikuwa na namba: ilijulikana lipi lina mfuko upi, na mwenye gari angeweza kuitwa. Namba haikukifanya kiwanda kiwe kiadilifu, ila ilimnyima pa kujificha. Mimi sina namba za kiwanda, lakini patasi ninayo. Kila kipande tunachotengeneza tunakigonga alama yetu na mwezi kilipofungwa. Cha muda kinapakwa rangi nyekundu, ili fundi yeyote atakayeingia chini, hata wa mbali, ajue hapa pana deni. Daftari linaandika gari gani, chuma kimetoka wapi, na lini lirudi kukazwa. Na mwenye gari tunamwambia mapema kwamba tutakachomwambia yeye, tutawaambia na abiria tukikutana nao stendi. Wapo wanaoondoka wakisikia hivyo. Nimeacha kuwabembeleza.

Mbele hatuweki tofali, kwa bei yoyote. Kuchomelea springi, kwa bei yoyote, hatufanyi. Zaidi ya hapo kuna eneo pana ambalo kila siku inabidi tuliamue upya, tukitazama mzigo, njia, msimu, na sura ya mtu anayeomba.

Swali la bibi sijalijibu. Nadhani si la fundi peke yake. Aliuliza atafika lini, na sehemu kubwa ya jibu hilo haiko gereji. Barabara nayo imetengenezwa na mtu, au imeachwa bila kutengenezwa na mtu, na katika makubaliano yale pia mwenye kukaa juu ya magunia hakuwapo. Tofauti ni kwamba kipande changu cha springi ukikigeuza utakuta alama. Ukiingia chini ya gari ukaiona, jina langu unaweza kuliuliza Kisaki kwa mtu yeyote, na nyumbani utaletwa.